Miti ya Fungu la Kumi

Barabara ya Hatcher's Mill,
Kusini mwa Georgia.
2 Aprili 2019

Mpendwa mwanangu Rochelle,

Pokea salamu za mama yako mkubwa. Natumaini zitawakuta wazima, wewe na Quentin na kale kamalaika kenu Odette, na kwamba baridi ya huko Alaska imeanza kulegea. Mama yako ameniambia mtoto ameota jino la kwanza na anang'ata kila kitu, hata kidevu cha baba yake. Nilicheka peke yangu jikoni. Na kifua chako je? Mara ya mwisho ulikuwa unakohoa kwenye simu. Kunywa asali na limau, usidharau.

Sisi huku miili ni mizima. Goti langu la kushoto bado linalalamika mvua ikikaribia. Presha ya mama yako imeshuka, na kila Alhamisi anakuja kwangu, tunapika kunde na mkate wa mahindi, tunakula bila maneno mengi, kisha anaosha vyombo hata nikimkataza. Baridi imekwisha. Vumbi la maua ya misonobari limepaka kila kitu rangi ya manjano, gari, kibaraza, mpaka paka.

Barua yako ya Februari niliipata. Nisamehe kwa kukaa nayo majuma saba. Haikupotea, wala sikuisahau. Ipo hapa chini ya bakuli la sukari, na kila nikitia sukari kwenye kahawa naiona.

Umeniuliza jambo moja. Mchungaji wa kanisa lenu jipya anataka kila anayejiunga atie sahihi kwamba atatoa fungu la kumi la mapato yake, Quentin amekataa, mkagombana mkanuniana siku mbili. Ukaandika hivi: "Mama Mkubwa, wewe ndiye uliyenifundisha. Niambie nani yuko sahihi, nami nitafuata."

Kweli nilikufundisha. Ulikuwa na miaka sita. Nilipanga kokwa kumi za pekani za shambani kwetu juu ya meza hii hii, nikakwambia uchague moja ya Mungu. Ulichagua ndogo. Nikakurudishia, nikakwambia chagua kubwa kuliko zote. Ukalia. Sikukubembeleza, nilikuacha ulie mpaka ulipoitoa ile kubwa, kisha nikakusifu. Miaka thelathini na miwili nimefundisha darasa la waumini wapya namna hiyo, na watu wazima nao niliwapangia kokwa.

Sasa nitakujibu, lakini siwezi kukujibu kabla sijakueleza jinsi Baba yako Mkubwa alivyokufa. Unajua alianguka kwenye ngazi. Hukuweza kuja kumzika, ulikuwa na siku tisa tu tangu ujifungue, kwa hiyo unajua yale uliyoambiwa kwa simu. Uliyoambiwa si uongo. Ni nusu tu, na nusu ya pili ninayo mimi.

Shamba unalikumbuka. Babu yake Lucius alipanda miti mia moja na arobaini ya pekani, na kila mti wa kumi aliuzungushia chokaa kiunoni, akasema huo ni wa kanisa. Miti kumi na minne. Baba yake Lucius aliendelea kuipaka chokaa, na Lucius naye. Watu hudhani yeye ndiye aliyekuwa mkali wa jambo hilo kwa sababu shamba lilikuwa la kwao. Hapana, mwanangu. Mkali nilikuwa mimi. Lucius alitoa kwa kuwa ndivyo alivyokuta nyumbani, na kwa kuwa alipenda kuona watu wa kanisa wakija na magunia. Mara moja moja, tukiwa kibarazani, alinichokoza.

"Nell, hebu niambie. Zaka ilikuwa ya Walawi. Hapa Hatcher's Mill Mlawi ni nani? Shemasi Grady?"

Nami nilimwambia anyamaze, asije akatuletea laana kwa utani wake. Alikuwa akicheka kimya kimya, mabega yakimtikisika, na mambo yakaishia hapo. Miaka arobaini na tisa yakaishia hapo.

Kimbunga cha Oktoba kilitupiga siku kumi kabla ya kuanza kuvuna. Ulikiona kwenye habari, lakini habari hazikuonyesha kwetu. Tulikaa ndani ya bafu, tumejifunika godoro, tukisikia miti inavyong'oka. Haivunjiki kwa kishindo kimoja kama watu wanavyodhani. Inalia kwanza. Lucius alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, kisha akaacha kuhesabu, na nilipomgusa uso ulikuwa umelowa.

Asubuhi tulitoka. Mizizi ilikuwa juu, mirefu kupita nyumba. Katika miti mia moja na arobaini ilibaki imesimama thelathini na mmoja. Nikaanza kuitafuta ile yenye chokaa, mmoja mmoja, na nikakuta kumi na mmoja. Ya kanisa kumi na mmoja katika kumi na minne. Ya kwetu ishirini katika mia moja na ishirini na sita.

Mimi niliona muujiza. Nilipiga magoti palepale kwenye tope nikamshukuru Mungu aliyelinda kilicho chake. Lucius alisimama pembeni akiwa ameshika kofia yake, hakupiga magoti. Alitazama upande wa ile iliyolala.

Mti wa pekani ukiupanda leo, utangoja miaka minane au kumi kabla hujala kitu cha maana. Yeye alikuwa na miaka sabini na minne. Jioni ile, bila umeme, tukila samaki wa kopo kwa biskuti, alizungumza nami kwa upole kama mtu anayemshika farasi mwenye woga. Alisema mwaka huu tuchukue mavuno ya ile miti ya kanisa. Sehemu tununue miche, sehemu tumpe Pearline, yule mjane jirani yetu ambaye mti ulimwangukia paa mpaka kitandani.

"Kumi kutoa moja ndiyo zaka," alisema. "Hapa ni tatu kutoa moja, Nell. Hata Mungu mwenyewe hakuomba hivyo."

Nikamwambia kilichokwisha kuwekwa wakfu hakirudishwi. Nikamkumbusha nabii Malaki, na yale ya mwanadamu kumwibia Mungu. Yeye akasema Malaki aliwakaripia pia makuhani waliokuwa wanakula vya watu, nikasome tena. Nikamwambia kama anataka kuwa mwizi uzeeni, asinihesabu mimi. Neno hilo, mwizi, nililitamka. Akaweka biskuti yake chini. Kisha akasema, "Basi tumsikilize Mchungaji. Atakalosema Mchungaji Pruitt, mimi nitalifuata."

Na nilikubali, mwanangu. Hilo ulishike.

Jumapili ile Lucius alibaki kufunga turubai juu ya paa letu, mimi nikaenda kanisani kwa miguu. Nusu ya paa la kanisa haikuwapo, kwa hiyo tulikusanyika uani, wengine wamekalia ndoo. Mchungaji Pruitt unamjua kwa sura tu, ni kijana wa miaka thelathini na minne, mwaka wake wa nne kwetu. Alisimama na buti za mpira, hakuvaa joho. Akasema yeye na mashemasi wamekubaliana: mwaka huu asiwepo mtu wa kuleta fungu la kumi. Mwenye nacho na moyo wake ukimtuma, atoe. Asiye nacho, kanisa ndilo litakalomletea yeye. Akaendelea kusema kwamba Israeli waliamriwa zaka ili Mlawi asiye na ardhi ale, na mgeni, na yatima, na mjane, na kwamba yeye amewatafuta mitume katika Maandiko yote na hajaona mahali walipowatwika mataifa mzigo huo. Akamtaja Lucius kwa jina. "Mama Tarver, mwambie Mzee miti ile ni yake. Mwambie ni mimi nimesema."

Watu walilia kwa shukrani. Mimi nilikasirika. Nilikaa juu ya ndoo yangu nikisema moyoni, huyu mtoto anayavunja yale niliyoyajenga tangu yeye anajifunza kutembea. Nilihisi kama amenivua nguo mbele ya darasa langu.

Nilirudi nyumbani. Lucius alikuwa juu ya paa, misumari mdomoni. Akaitema mkononi akaniuliza, "Haya, kasema nini kuhusu miti?"

Nikamwambia, "Hakusema kitu."

Akaniangalia kidogo. "Hakusema kitu kabisa?"

"Kabisa. Kazungumzia paa la kanisa."

Akatia misumari mdomoni, akarudi kwenye kazi yake.

Nimeandika hayo na kalamu imesimama hapa muda mrefu. Mume wangu hakuwa mtu wa kuuliza uliza. Nadhani katika ndoa yetu yote hilo ndilo swali alilohitaji jibu lake kuliko yote, nami nilimjibu uongo, na nilidhani nafanya hivyo kwa ajili ya Mungu.

Uongo ukishaingia nyumbani lazima ulishwe. Simu zilikuwa zimekufa, barabara yetu ilikuwa imezibwa, hilo lilinisaidia. Jumapili tatu zilizofuata nilimwambia apumzike, amechoka, Mungu anaelewa. Siku Shemasi Grady alipokuja na msumeno wake kutusaidia kukata magogo, sikutoka karibu yao hata dakika moja. Niliwapelekea chai ya barafu mpaka Grady akaniuliza kama nataka kuwazamisha. Hakutaja miti. Alizungumza habari za misumeno tu, tangu asubuhi hadi alasiri, na mimi nilimshukuru Mungu kwa hilo pia. Unaona nilipofika.

Novemba ikaingia. Kokwa zikaiva kwenye miti michache iliyobaki, na redio ikasema mvua ya siku nyingi inakuja. Kokwa ikilala kwenye maji inaoza, inakuwa nyeusi kama mkaa. Tulikuwa na siku mbili, labda tatu. Mashine ya kutikisa miti isingeweza kupita katikati ya magogo, kwa hiyo ilikuwa kazi ya mikono, upembo wa kuangulia na ngazi, wazee wawili. Tusingeweza kumaliza yote. Lucius aliuliza tuanze wapi.

"Malimbuko ni ya Bwana," nilisema.

Basi tukaanza na ya kanisa.

Siku ya kwanza tulimaliza miti minne, siku ya pili minne. Yeye juu na upembo, mimi chini kwa magoti na ndoo. Usiku alishindwa kufungua vifungo vya shati, nikamfungulia. Hakulalamika. Alisema tu kwamba angependa kuionja ile ya kwetu ya karibu na kisima, kwa maana babu yake alisema ndiyo tamu kuliko zote. Nikamwambia kesho kutwa.

Siku ya tatu asubuhi manyunyu yalikuwa yameanza. Nilimwona anavyopanda ngazi, anapanda mguu mmoja kisha anangoja. Nilimwona, Rochelle. Nilikuwa chini pale pale, ningeweza kusema neno moja tu akashuka. Nikainama nikaendelea kuokota. Gome lilikuwa limelowa, ngazi ikateleza.

Nyonga ilivunjika. Gari la wagonjwa lilichukua saa moja na nusu kutufikia kwa ajili ya magogo barabarani. Nilimfunika koti langu, nikamshikia mwavuli. Maumivu yalipomwachia nafasi alifumbua macho akautazama ule mti, akasema, "Afadhali ni wa kanisa. Ungekuwa wa kwetu ningeukata leo." Akajaribu kucheka, nyonga ikamkataza.

Walimpasua kesho yake, na daktari akasema kazi imekwenda vizuri. Siku ya tatu alikula uji wa mahindi na yai. Siku ya nne Mchungaji Pruitt akaja. Alisimama kando ya kitanda, kofia mkononi, akamsalimu, akamuuliza maumivu. Halafu akasema kwa masikitiko ya kweli, bila nia yoyote mbaya:

"Lakini Mzee, kwa nini ulijitesa na ile miti? Mimi si nilisema mbele ya kanisa zima kwamba mwaka huu ni yako? Mama Tarver alikuwepo."

 Lucius aligeuza kichwa chake juu ya mto taratibu, akanitazama.  Nilitazama blanketi. Niliona mkono wake juu ya blanketi, ile mikwaruzo ya matawi bado haijapona. Kisha nikamsikia anasema:

"Aliniambia, Mchungaji. Mke wangu aliniambia siku ile ile. Mimi ndiye mkaidi."

Mchungaji akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo, akasema wazee wa Hatcher's Mill wote ni namna moja. Akaomba, akaondoka.

Tukabaki wawili. Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua mdomo, na muuguzi akaingia kupima joto. Alipotoka nilikuwa nimeufunga tena. Lucius akasema kucha zake zimekuwa ndefu, zinakwaruza shuka, kama nina mkasi. Nilikuwa nao kwenye mkoba. Nikavuta kiti nikamkata kucha, kidole kimoja kimoja, na yeye ameniachia mkono wake kama mtoto. Nilipomaliza akasema, "Umesahau hiki kidogo." Nikakikata hicho kidogo. Nikambusu kipaji cha uso, nikamwambia nitakuja kesho mapema. Njiani nilipanga maneno yote, nilijua nitaanzia wapi.

Asubuhi nilipofika homa ya mapafu ilikuwa imemkamata, walikuwa wameshamtia bomba kooni na dawa ya usingizi. Hakuzungumza tena. Siku tano nilikaa pale, nikamwambia kila kitu sikioni, mara nyingi, na muuguzi mmoja aliniambia wagonjwa kama hao husikia. Labda. Mashine ndiyo iliyokuwa inapumua, sikuweza kujua hata kama amebadilisha pumzi.

Kwenye mazishi Mchungaji alihubiri juu yake. Alisema hapa analala mtu aliyefunguliwa mzigo na bado akaubeba kwa hiari, mtu aliyetoa bila kulazimishwa na yeyote. Kanisa zima, chini ya lile turubai, likaitikia amina. Mama yako alinishika mkono akifikiri nalia kwa fahari. Mimi nilikaa kiti cha mbele na gauni langu jeusi nikasikia mume wangu anasifiwa kwa hiari ambayo mimi nilimnyang'anya.

Kokwa za miti yetu ishirini zilioza zote. Za kanisa, mashemasi walikuja wakamalizia kuokota, wakazileta kibarazani kwangu magunia kumi na moja, wakisema ni amri ya Mchungaji. Nilimpelekea Pearline yote, kwa kuwa ndivyo Lucius alivyotaka. Pearline alinikumbatia akasema mimi ni mwanamke wa Mungu. Nilikimbilia kwenye gari.

Ndipo barua yako ikafika, ukitaka nikwambie nani yuko sahihi.

Nimesoma tena Maandiko, mwanangu, safari hii si kwa ajili ya kufundisha. Nimesoma polepole kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Ibrahimu alitoa mara moja, nyara za vita, wala hakuna aliyemwamuru. Israeli waliamriwa, nafaka na mafuta na mifugo, na je, unajua kuna zaka ambayo mtoaji mwenyewe aliambiwa aile yeye na jamaa yake mbele za Mungu, wafurahi? Miaka thelathini na miwili na sijapata kuwasomea wanafunzi wangu mstari huo. Bwana wetu aliwaambia wale waliopima hata mnanaa kwamba wameacha rehema. Nilikuwa najua mstari huo kwa moyo, nilidhani unawahusu wengine. Na Paulo anasema mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni, si kwa kulazimishwa. Lucius alikuwa na huzuni, nami nilikuwa lazima yenyewe.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: hamdaiwi. Quentin ana haki ya kukataa kutia sahihi. Mungu hatawafungia mbingu. Lakini usimtambie wala usimruhusu akutambie, maana kutoa ni kuzuri, na nyumba isiyotoa chochote huanza kunuka uvundo. Mchungaji Pruitt mwenyewe, nimekuja kujua, hutoa fungu lake la kumi na zaidi, na hamwambii mtu. Ukipenda kutoa moja ya kumi, toa, ni kipimo kizuri kwa mwenye nacho. Mkikosa, toeni supu. Mkikosa supu, kaeni na mtu aliyefiwa.

Juma lililopita nilimwendea Mchungaji ofisini, nikamwambia sitafundisha tena. Aliniuliza kwa nini, na nikamweleza yote, tangu ndoo niliyoikalia hadi mkasi wa kucha. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema:

"Nilijua, Mama. Nilimwona alivyokutazama. Nilijua palepale."

Nikamuuliza mbona basi alihubiri vile. Akasema, "Lile ndilo neno la mwisho Mzee alilonikabidhi. Nililibeba alivyotaka." Na nilipokuwa nainuka akaongeza kwamba Lucius alinisamehe mbele yake, na kwamba yeye ni shahidi.

Naamini. Lakini nilitaka nimwombe, Rochelle. Kusamehewa bila kuomba ni kitu kizito, hupati pa kukiweka. Naamka nacho, nalala nacho.

Jumapili ya Pasaka nitasimama niwaambie kanisa. Mchungaji amesema si lazima. Nimemwambia najua si lazima. Mama yako nitamwambia Alhamisi hii, kabla kunde hazijaiva, maana tukishaanza kula nitaogopa. Wewe nimekuandikia wa kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyeuliza, na kwa sababu uko mbali na sitaona uso wako ukisoma. Usinijibu upesi. Na usinitetee kwa Quentin, mpe barua asome mwenyewe.

Nakuomba neno moja. Siku mtakayotaka kutoa chochote, kwa kanisa au kwa mtu, mtazame kwanza mumeo usoni. Ukiona uchovu ambao ungependa usiuone, weka chini ulichoshika, mwambie ashuke.

Nisalimie Quentin, mwambie shangazi zake wa Macon wameuliza habari zake. Mbusu Odette kwenye nyayo zote mbili. Mama yako anawasalimu, na Pearline, na Shemasi Grady, ambaye amekatakata magogo yetu yote na amekataa hata kikombe cha kahawa.

Mungu aliyewapa mkate na moto katika nchi ya theluji awalinde, awape maneno ya kweli baina yenu wakati bado mnasikiana.

Ni mimi mama yako mkubwa, ninayekupenda na kukuombea,

Vernell Tarver